Laini ya Pili ya Mzee Timazi

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani walimwita Timazi, kile kipande cha chuma ambacho waashi hukining'iniza kwenye uzi kupima kama ukuta umesimama wima, kwa sababu katika maisha yake yote ya kazi hakuna aliyewahi kusema ukuta wake umelala. Alijenga shule, alijenga maghala, alijenga nyumba za watu wenye nafasi zao, na mwishowe, kidogo kidogo, kwa mawe aliyoyachagua mwenyewe, akajijengea yake.

Nyumba hiyo aliisifu bila haya. Kuta zilikuwa nene kiasi kwamba kwenye ukingo wa dirisha ungeweza kulaza mtoto asidondoke. Juu hakuezeka bati, alimwaga zege lenye nondo za kutosha kubeba ghorofa nyingine ambayo hakuwa na mpango nayo. Madirisha aliyafanya madogo na ya juu, kwa ajili ya joto na kwa ajili ya wezi. Jua la mchana halikuingia, mvua haikuingia, vumbi halikuingia. Simu nazo hazikuingia.

Hilo la simu halikumnyima usingizi. Kutwa alikuwa kazini, juu ya majukwaa ya ujenzi, ambako mtandao ulikuwa wa kumwaga. Akirudi nyumbani aliitupa simu mezani, na ikinyamaza mpaka asubuhi alishukuru Mungu. Mkewe ndiye aliyekuwa akitoka. Yeye simu yake aliiweka juu ya tangi la maji uani, mahali pekee ilipokuwa ikishika vizuri, na ikilia aliacha alichokuwa nacho mkononi akakimbia. Alizungumza papo hapo amesimama, mkono mmoja sikioni, mwingine ukikinga jua. Timazi alimwona hivyo miaka nenda miaka rudi akadhani anapenda upepo. Siku moja mkewe alimwambia nyumba hii ina kila kitu isipokuwa njia ya kuongea na watu. Timazi alicheka, akamjibu kwamba yeye alijenga nyumba, hakujenga mnara.

Kisha goti la kulia likaanza kumgomea. Daktari alimweleza kwamba ngazi na majukwaa sasa basi, na Timazi, baada ya kubisha wiki kadhaa, akakubali kwa shingo upande. Alibaki kuitwa mara moja moja kwenda kukagua msingi au kutoa ushauri, akae kwenye kiti awaonyeshe wenzake kwa kidole. Siku nyingine zote alishinda ndani ya zile kuta zake.

Binti yao wa mwisho alikuwa ameolewa mji wa mbali, na mwaka huo alikuwa mjamzito wa mtoto wa kwanza. Miguu ilimvimba na presha ikawa inapanda, kwa hiyo mama yake akafunga mizigo akaenda kumwangalia. Kabla hajaondoka alimwachia mumewe maagizo ya vidonge, ya jiko na ya kuku, kisha akaongeza la mwisho, kwamba asikae ndani muda wote bali atoke uani mara kwa mara ili apatikane. Timazi akaitikia kama mtu anayeambiwa jua litachomoza.

Siku za mwanzo alitoka kweli. Alisimama pembeni ya tangi, akapiga, wakasalimiana. Shida ilikuwa upepo, ilimbidi apaze sauti. Na shida kubwa zaidi ilikuwa jirani yao, mama mshonaji, ambaye alikuwa na cherehani yake barazani, upande wa pili wa ukuta mfupi. Mkewe alipouliza kama vidonge vya presha vinamsumbua, Timazi alijibu kwa sauti ya jukwaani kwamba vidonge havina neno, ila choo, anakwenda choo mpaka goti linalalamika. Cherehani ikanyamaza. Kesho yake mama mshonaji, kwa wema wake wote, alichungulia juu ya ukuta akamweleza habari za mjomba wake aliyekuwa na tatizo hilo hilo la kukojoa na jinsi alivyopona. Timazi alimshukuru, akaingia ndani, akasahau chai yake mpaka ikapoa.

Tangu hapo akawa anajibu kwa mkato. Mzima? Mzima. Umekula? Nimekula. Mkewe alimwuliza kama wamegombana bila yeye kujua, maana anajibu kama mtu aliyesimamishwa na polisi. Timazi hakuweza kumweleza sababu, kwa kuwa sababu yenyewe ilikuwa imekaa barazani ikitia uzi kwenye sindano.

Siku ile mambo yalipotokea, mvua ilianza kabla ya adhuhuri. Ilikuwa mvua ya maana, ile inayofanya mtaa mzima ufunge milango. Timazi alikula, akajinyoosha kwenye kochi, akasikiliza namna ambavyo hakuna tone hata moja linalopita kwenye zege lake. Akasinzia kwa raha zake.

Alipotoka nje mvua imekatika, simu ilianza kutetemeka mkononi kabla hajafika kwenye tangi. Ujumbe uliingia mmoja juu ya mwingine. Mkewe amepiga. Mkwewe amepiga. Mkewe tena, na tena. Kabla hajafungua hata mmoja, akasikia sauti kutoka upande wa pili wa ukuta.

“Hongera, babu,” mama mshonaji alisema. “Ni msichana, mkeo amenipigia mimi alipokukosa. Nimegonga mlango wako mpaka mkono ukaniuma, lakini kwa mvua ile na mlango ule, hata ningeita zimamoto usingesikia.”

Timazi akabaki ameshika simu kama jiwe ambalo hajui aliweke wapi. Alikwisha kuwa babu, na aliyejua kwanza ni jirani.

Alipompata mkewe, habari zilikuja kwa mafungu. Presha ya binti ilipanda ghafla asubuhi. Madaktari wakasema hawawezi kusubiri, ni lazima apasuliwe. Binti aliogopa sana. Kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji aliomba kitu kimoja tu, amsikie baba yake, na wauguzi wakampa nafasi. Mama yake akapiga, na kila alipopiga alijibiwa na ile sauti ya dada asiyechoka, kwamba mteja unayempigia hapatikani kwa sasa.

“Sasa ukafanyaje?” Timazi aliuliza. Safari hii hakupaza sauti, ila upepo ulikuwa umetulia na mkewe akasikia.

“Nikatoka kwenye ujia, nikasimama kidogo, nikarudi. Nikamwambia nimekupata, ila laini imekatika. Nikamwambia umesema asiogope. Umesema yeye ni jiwe la pembeni, ndilo linaloshikilia nyumba nzima. Akashika mkono wangu, akaingia. Usije ukanikana, baba watoto.”

Timazi alisema hatamkana. Aliuliza hali ya mtoto, akaambiwa analia kama ana kesi na dunia. Aliuliza hali ya mama, akaambiwa amelala. Walipomaliza alibaki amesimama pale pale, miguu ndani ya tope, akiyarudia kichwani maneno ambayo hakuyasema. Yalikuwa maneno mazuri. Yeye mwenyewe, kama angepatikana, angesema “jikaze, mwanangu,” basi.

Kukaa ndani kulimshinda siku hiyo. Alivuta kiti akaketi uani, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya akaanza kukumbuka ni mambo gani mkewe aliyapokea amesimama pembeni ya tangi lile. Kifo cha mama yake, kwa mfano. Timazi alikuwa ndani, anarekebisha bawaba ya kabati. Alipotoka alimkuta mkewe amekaa chini, na mama mshonaji tayari ameruka ukuta amemkumbatia. Wakati ule alimshukuru sana jirani kwa kuwahi. Leo ndipo alipojiuliza kwa nini mtu wa nyumba ya pili awahi kuliko mume aliyekuwa ndani ya nyumba. Na ule mwaka mkewe na dada yake walipokosana, mtaa mzima ulijua kisa chote, na Timazi alimlaumu mkewe kwa kutoa mambo ya ndani nje. Ndani angeyasemea wapi?

Asubuhi iliyofuata alivaa shati la kutokea akaenda njia panda, kwa dada mmoja anayeuza laini chini ya mwavuli. Timazi alikuwa amejiandaa kununua kitu chochote atakachoambiwa. Yule dada alimwamkia, akamsogezea kigoda, kisha badala ya kumwuzia akaanza kumhoji. Simu yake ina sehemu ya laini ngapi? Anataka kupiga na kupokea tu, au na mambo ya intaneti pia? Mtandao unakufa nyumba nzima au vyumba fulani? Nje ya mlango inakuwaje?

“Nje inashika. Ndani, kimya. Ukuta ni wa mawe, juu zege,” Timazi alisema, na pamoja na yote aliyokuwa nayo moyoni hakuweza kuzuia fahari kidogo kwenye sauti.

“Basi mzee wangu, usinunue kwanza,” dada alisema. “Mnara wa kampuni yako uko mbali, kule bondeni. Kuna mawimbi yanabeba mzigo mkubwa lakini yakigonga ukuta yanachoka. Mengine yanabeba kidogo lakini yanapenya. Kila kampuni na minara yake. Laini inayoshika vizuri hapa kwangu inaweza kuwa bubu sebuleni kwako. Azima simu za watu, pita nazo chumba kwa chumba, piga kabisa, usiangalie vijiti vya mtandao tu. Ukijua ipi inaingia, njoo.”

Timazi alimwuliza habari za vile visanduku vya kuvuta mtandao ambavyo alisikia vinauzwa mjini. Dada akatikisa kichwa. Alimweleza kwamba vingi vinauzwa bila kibali, vinawavurugia mtandao majirani, na wenye mamlaka wakija ni kesi. Akamtajia njia nyingine, ya kupiga simu kwa intaneti ya nyumbani, ambayo ni nzuri sana kwa nyumba kama yake, ila kwanza awe na intaneti ya nyumbani. Timazi hakuwa nayo. Kabla hajaondoka dada alichukua simu yake, akaishusha kutoka mtandao wa kasi hadi ule wa zamani, akamwambia ajaribu hilo nalo, halina gharama.

Lile la bure lilisaidia kidogo. Sauti ilifika sebuleni, lakini kila baada ya sentensi ilikatika, na Timazi akajikuta anasema “haloo, haloo” kama kasuku. Akaenda kwa mama mshonaji kuazima simu. Yule mama hakutoa simu tu, alikuja nayo mwenyewe. Baadaye muuza duka la pembeni akatoa yake yenye laini ya kampuni ya tatu. Timazi akachukua chaki, kama alivyozoea anapopima ukuta. Walipita chumba kwa chumba, mama mshonaji akipiga na Timazi akisikiliza, na palipokuwa na sauti safi alichora alama ukutani, palipokatika akachora nyingine.

Laini ya muuza duka ilikufa mlangoni pale pale, haikuomba hata maji. Ya mama mshonaji iliingia sebuleni, ikaingia jikoni, ikaingia chumbani kwao ikiwa safi kama mtu aliyeketi kitandani. Mnara wake ulikuwa upande wa soko, kumbe si mbali. Ilishindwa mahali pamoja tu, chumba cha nyuma, kile cha vifaa, ambacho kilikuwa na matundu mawili ya hewa na kuta nene kuliko zote.

Aliporudi kwa dada wa laini, Timazi alikuwa na jibu, lakini akakwama kwenye namba. Namba yake ya zamani ilijulikana na kila mjenzi aliyewahi kushika mwiko. Dada alimweleza kwamba anaweza kuihamishia namba hiyo hiyo kampuni nyingine. Timazi alifikiri, akakataa, kwa sababu kwenye viwanja vipya anakoitwa kukagua misingi, ng'ambo ya mto, kampuni ya pili haishiki kabisa. Basi wakaafikiana: laini ya zamani ibaki mahali pake, mpya ikae sehemu ya pili ya simu ile ile. Kisha dada akaipanga ile ya zamani kwamba kila inapokuwa haipatikani, simu ielekezwe yenyewe kwenye ile mpya. Alimtahadharisha kwamba simu inayoelekezwa inakula salio la laini inayoielekeza, kwa hiyo watu wa karibu awape namba mpya moja kwa moja, na wengine wakizungushwa si neno. Akasajili laini, akapiga namba ya zamani huku ameitoa laini yake ndani ya simu, na simu ikalia kwa laini mpya. Timazi aliitazama ikilia, hakuipokea, alitaka tu kuiona.

“Nipe na nyingine kama hii,” alisema. “Ya mke wangu. Atakuja kuisajili mwenyewe akirudi.”

Alasiri hiyo alikaa kitandani, akafunga mlango bila sababu yoyote, akampigia binti yake. Binti alikuwa ameruhusiwa kukaa kitako, sauti yake bado nyembamba. Walizungumza habari za mtoto, pua yake imefanana na ya nani, na usingizi. Kisha binti akamshukuru kwa yale maneno ya siku ile.

Timazi alikuwa ameahidi kutomkana mkewe. Lakini alikuwa peke yake chumbani, hakuna upepo wa kuusingizia, na shukrani isiyo yake ilimkaa vibaya.

“Mwanangu, yale maneno ni ya mama yako,” alisema. “Mimi nilikuwa nimelala. Usimwambie kama nimekwambia.”

Timazi akasikia kicheko ambacho kiliishia kwenye kuguna kwa maumivu ya mshono. “Nilijua, baba. Wewe ungesema jikaze. Lakini niliyashika hivyo hivyo. Mama alikuwa anatetemeka kuliko mimi.”

“Mimi nayakubali yote,” Timazi alisema. “Hilo la jiwe la pembeni hasa. Hilo ni kweli.”

Jioni mkewe alipopiga, Timazi alimweleza habari ya laini, ya chaki, ya mama mshonaji kuzunguka vyumba vyote mpaka chumbani. Mkewe alicheka mpaka mtoto akaamka. Kisha Timazi akauliza jambo ambalo alikuwa akilizungusha mdomoni tangu mchana.

“Kama ungekuwa na mahali pako pa kuongelea humu ndani, ungependa wapi?”

Mkewe akasikika akimbembeleza mtoto alale tena.

“Chumba cha nyuma,” mkewe alisema. “Kile cha vifaa vyako. Ni kimoja tu ambacho watu hawapiti wakienda kwingine.”

Kati ya vyumba vyote, alichagua kile ambacho hakuna laini iliyoingia. Timazi alisema sawa, bila kueleza zaidi.

Kesho yake alitoa nje vifaa vyote, akasimama mbele ya ukuta wa upande wa soko, akaupapasa. Hakuna mtu aliyewahi kuuvunja ukuta wake, na hakuwa amefikiri kwamba wa kwanza atakuwa yeye. Alichora mraba wa dirisha pana, kubwa kuliko yote ya nyumba ile. Hakukurupuka. Alichimba kwanza mfereji juu ya mraba, nusu ya unene wa ukuta, akaingiza linta, ile boriti ya kubeba mzigo juu ya dirisha, na kuishindilia mpaka ikashika, kisha akaenda upande wa nje akafanya nusu ya pili. Ndipo akaanza kutoa mawe, moja moja, kwa tindo na nyundo, ameketi kwenye kigoda, mguu wa kulia ameunyoosha. Goti lilimwuma. Kazi ambayo zamani angeimaliza kwa siku moja ilimchukua karibu wiki nzima. Mama mshonaji alichungulia, akauliza kama nyumba inabomolewa. Timazi alimjibu kwamba inapanuliwa kifua.

Jiwe la mwisho lilipotoka, mwanga uliingia ukaonyesha vumbi la miaka. Aliwasha simu akapiga kwa muuza duka, akamwuliza kama ana sukari. Muuza duka akasema ipo. Akamwuliza tena, kutoka kona ya mbali. Ipo, mzee, nimeshakwambia ipo. Sauti haikukatika.

Mkewe alirudi mtoto alipoanza kutulia. Aliingia chumba cha nyuma na mkoba wake bado begani. Alikuta kiti, meza ndogo, kuta zimepakwa chokaa, na dirisha. Alilisukuma dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Alisema vumbi bado liko kwenye pembe na dirisha lote hilo bila pazia ni kuwaonyesha wapita njia. Timazi akasema pazia si kazi ya mwashi.

Laini yake mkewe aliisajili siku iliyofuata. Wa kwanza kumpigia alikuwa dada yake, yule waliyewahi kukosana naye. Mkewe aliingia chumba cha nyuma akafunga mlango. Timazi alikuwa sebuleni anamenya viazi, jiko likiwa zamu yake kwa sababu ya simu hiyo, na aliendelea kumenya mpaka sufuria ikajaa kupita mahitaji yao. Mkewe alipotoka macho yalikuwa mekundu na uso umechangamka. Timazi hakumwuliza wamezungumza nini. Mkewe alitazama sufuria, akauliza wageni wanakuja saa ngapi, akafunga kitambaa kichwani akaenda kwa mama mshonaji kupimiwa pazia.